Mwaridi Unaliwa na Nani? Kumsaka Mdudu kwa Alama Anayoiacha

Nilipoanza kupanda miwaridi nilikuwa na tabia moja mbaya: nikiona jani limeharibika, nakimbilia bomba la dawa. Siulizi ni nani, siulizi anakulaje. Msimu mmoja niliwapiga vidukari kwa dawa kali ya jamii ya pairethroidi. Walikufa siku ileile, nikajisifu. Wiki tatu baadaye majani yakabadilika rangi yakawa kama shaba, yakaanza kupukutika, na chini yake pakatanda utando mwembamba. Walikuwa utitiri. Dawa yangu iliwaua wadudu wanaowala utitiri, na utitiri wenyewe haikuwatikisa. Vidukari walikuwa tatizo dogo la kuoshwa kwa maji. Mimi nikalifanya kubwa.

Tangu siku hiyo naanza na mdomo. Kila mdudu anayekula mwaridi huacha alama ya jinsi anavyokula. Anayenyonya hulibakiza jani zima, ila limejikunja, limefifia au linanata. Anayekwangua huacha michirizi na kingo zilizoungua. Anayetafuna huacha tundu. Anayekata huacha ukingo safi kama wa mkasi. Ukishaisoma alama, nusu ya washukiwa wanatoka kwenye orodha kabla hujamwona hata mmoja, na hilo ni jambo jema, kwa sababu mara nyingi humwoni: ameshakula akaenda zake, au zamu yake ni ya usiku.

Vifaa ni vitatu tu: kioo cha kukuzia cha mara kumi, karatasi nyeupe, na tochi. Na chuchumaa. Ukiutazama mwaridi ukiwa umesimama utaona juu ya majani, ilhali wadudu wengi wanaishi chini yake.

Machipukizi yamejikunja, yananata, na sisimizi wanapanda na kushuka

Hawa ni vidukari. Hukaa wamesongamana kwenye ncha laini na kwenye vikonyo vya matumba, wa kijani au wa rangi ya waridi, urefu wa milimita 2 hadi 3. Kwa kioo utaona vijibomba viwili vyeusi vilivyochomoza nyuma ya mgongo. Hicho ndicho kitambulisho chao. Utaona pia vijiganda vyeupe vilivyonasa kwenye majani. Watu wengi hudhani hao ni wadudu wengine, kumbe ni ngozi walizozivua vidukari walipokuwa wakikua.

Kunata kunatoka wapi? Utomvu una sukari nyingi na protini kidogo. Ili kidukari apate protini ya kumtosha inabidi anywe sana, na sukari iliyozidi anaitoa nyuma kama matone. Matone hayo ndiyo yanayowaita sisimizi, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi ya chungu. Masizi hayo hayauli jani. Yapanguse kwa kitambaa chenye maji yatoke. Lakini sisimizi ni jambo jingine. Wao huwalinda vidukari kama mfugaji anavyolinda mbuzi, na huwafukuza wadudu wanaokuja kuwala. Ukiwa unaosha vidukari kila wiki na kila wiki wamerudi, shughulika na sisimizi kwanza: zungushia shina utepe au karatasi ngumu, kisha paka gundi ya kunasia wadudu juu ya utepe huo, si moja kwa moja kwenye gome. Hakikisha pia hakuna tawi linalogusa ukuta au uzio, maana hilo ndilo daraja lao.

Kabla ya kufanya lolote, tafuta vidukari waliovimba, wakakauka, wakawa na rangi ya ngano. Wengine wana kitundu cha duara mgongoni. Hao wametagiwa mayai na nyigu mdogo asiyefika milimita 3, na kitundu ndiko alikotokea mtoto wake. Ukiona wengi wa namna hiyo, weka bomba chini na usubiri siku kadhaa. Angalia pia mdudu mweusi mrefu, mwenye miguu sita na madoa ya rangi ya chungwa, anayefanana na mamba mdogo. Sura yake inatisha, nami niliwaponda wengi kabla sijajua kwamba ni watoto wa wale mbawakawa wekundu wenye madoa meusi, na kwamba chakula chao ni vidukari.

Kama wasaidizi hawapo, tumia maji. Shika ncha ya tawi kwa kiganja ili isivunjike, elekeza mpira wa maji wenye nguvu ya wastani, osha asubuhi ili majani yakauke mapema, na urudie siku tatu mfululizo. Mdomo wa kidukari ni kama sindano iliyochomekwa kwenye tawi. Aking'olewa ghafla hudhurika, na wachache sana hupata njia ya kurudi juu. Wakizidi, changanya mililita 10 hadi 20 za sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji. Isiwe sabuni ya unga ya kufulia, kwani hiyo huunguza majani. Jaribu kwenye majani machache kwanza, usubiri hadi kesho yake. Sabuni huua tu pale inapomgusa mdudu ikiwa bado mbichi. Ikishakauka haina kazi, kwa hiyo lowesha hadi chini ya majani, jioni, na rudia baada ya siku 5 hadi 7.

Vidukari wakiwa wageni wako wa kudumu, tazama mbolea yako. Jike huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, na wakati wa joto watoto hao nao huanza kuzaa baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Mwaridi uliomwagiwa naitrojeni nyingi hutoa machipukizi marefu, laini, yenye maji mengi, na hapo umewaandalia karamu. Punguza dozi, gawanya mara nyingi ndogondogo, au hamia kwenye mboji inayotoa chakula polepole.

Majani yamefifia, yana vijidoa kama vumbi, na hakuna tundu hata moja

Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge mara mbili tatu, kisha subiri sekunde chache. Vumbi halitembei. Ukiona nukta zinaanza kutembea, una utitiri. Zipanguse kwa kidole. Zikiacha mchirizi wa kijani, umethibitisha.

Utitiri si mdudu wa miguu sita. Ana miguu minane, ni ndugu wa buibui, na hapo ndipo wengi wanapokosea: dawa nyingi za kuua wadudu hazimdhuru yeye bali maadui zake. Ana urefu wa nusu milimita hivi, rangi ya manjano-kijani yenye madoa mawili meusi ubavuni, au nyekundu. Hutoboa chembe mojamoja za jani na kunyonya kilichomo, ndiyo maana jani linakuwa na vijidoa vingi visivyohesabika. Huanzia majani ya chini na kupanda juu. Ukiona utando umeunganisha jani na jani, umechelewa kidogo.

Hustawi kwenye joto, ukavu na vumbi. Mwaridi ulio karibu na ukuta unaopigwa jua mchana kutwa, au kando ya njia ya vumbi, ndio wa kwanza kuugua. Joto likiwa kali, kutoka yai hadi mzazi huchukua takriban wiki moja tu, kwa hiyo tiba ya mara moja ni kazi bure.

Osha kutoka chini kwenda juu. Lala chini kama ikibidi. Mwagia maji upande wa chini wa majani kila baada ya siku mbili au tatu, kwa wiki mbili, na yale ya chini kabisa yaliyokwisha kuharibika yaondoe na kuyafunga kwenye mfuko. Mwagilia udongo hadi chini, maana mwaridi wenye kiu huathirika mara mbili. Mafuta ya mwarobaini au sabuni vinasaidia vikifika chini ya jani. Salfa nayo hufanya kazi, ila usiipige jua likiwa kali, na usiipige ndani ya wiki mbili za kupiga mafuta. Vikikutana huunguza majani vibaya.

Kuna mwigaji mmoja wa tatizo hili. Vijidoa vikiwa vikubwa zaidi na vyeupe waziwazi, na ukiligusa jani mdudu mwembamba wa manjano-kijani akaruka au akakimbia ubavu-ubavu kama kaa, huyo si utitiri. Chini ya jani utakuta ngozi zake nyeupe. Anaharibu sura ya majani zaidi ya afya ya mmea, na kwa kawaida mimi namwacha.

Tumba halifunguki, au likifunguka petali zina kingo za kahawia

Hili ndilo tatizo linalowakatisha tamaa watu wengi, na ndilo linalotibiwa vibaya zaidi. Mshukiwa mkuu ni vithiripi: wadudu wembamba kama kipande cha uzi, milimita 1 hadi 2, wa manjano au kahawia. Hukwangua petali zikiwa bado zimekunjwa ndani ya tumba na kufyonza utomvu unaotoka. Mawaridi meupe, ya manjano na ya rangi hafifu ndiyo yanayoonyesha kovu zaidi. Kwenye jekundu lililokolea wanaweza kuwepo wengi usijue.

Kata ua lililofunguka nusu. Lishike juu ya karatasi nyeupe, pulizia pumzi yako ndani yake taratibu mara tatu nne, halafu litikise. Pumzi huwatoa mafichoni. Kama karatasi imejaa vijiuzi vinavyokimbia, umewapata.

Lakini usikimbilie dawa. Mama hutaga mayai ndani ya nyama ya petali na jani. Watoto hula ndani ya tumba. Wakishakua kiasi, wengi huanguka na kujificha udongoni hadi wawe wakubwa. Hesabu mwenyewe: dawa uliyopiga nje ya tumba imewakuta wangapi? Wachache waliokuwa wakiruka. Tena wamezoea dawa nyingi kutokana na kupigwa miaka na miaka. Kinachofanya kazi ni kuwanyima nyumba. Kata maua yaliyochanuka na yaliyochakaa kila baada ya siku chache, yafunge kwenye mfuko wa plastiki na uuache juani. Usiyatupe kwenye lundo la mboji, wala usiyaache chini ya mti. Vumilia wiki tatu nne bila maua mazuri. Mitego ya kunata ya rangi ya buluu inakusaidia kujua wameongezeka au wamepungua, ila haiwamalizi. Na usifyeke magugu yenye maua siku ambazo miwaridi ina matumba, kwa sababu vithiripi waliokuwa kwenye magugu watahama palepale.

Ukilazimika kupiga dawa, spinosadi hupenya kidogo ndani ya jani na inawapata baadhi yao. Ipige jioni nyuki wakisharudi mzingani, kwa sababu ikiwa mbichi huwaua, na usiipige kwenye maua yaliyofunguka.

Sasa, si kila tumba lililogoma kufunguka lina vithiripi. Baada ya mvua za siku nyingi petali za nje hugandamana kama karatasi iliyoloa ikakauka. Chukua tumba kama hilo, bandua tabaka la nje taratibu kwa kidole gumba. Kama petali za ndani ni safi na ua linaanza kujiachia mkononi mwako, kosa ni la mvua. Kama za ndani nazo zina michirizi ya kahawia, rudi kwa vithiripi. Kama kuna manyoya ya kijivu, ni ukungu, kata utupe. Na tumba lenye tundu la duara ubavuni na kinyesi kama chembe za unga wa kahawia mdomoni mwa tundu, lina kiwavi ndani. Lipasue, utakutana naye.

Jani limebaki kama wavu, au lina madirisha yanayopitisha mwanga

Geuza jani. Huenda ukaona kidudu cha kijani kibichi, kichwa cha kahawia hafifu, kimelala sambamba na ukingo wa jani kiasi kwamba macho yanakipita. Kinakula nyama ya chini na kuacha ngozi ya juu. Ndilo dirisha unaloliona. Baadaye ngozi hiyo hukauka na kuanguka.

Kila mtu humwita kiwavi, na hapo fedha hupotea. Hesabu miguu kwa kioo. Mbele ana jozi tatu za miguu ya kweli, hilo ni sawa kwa wote. Nyuma yake kuna miguu minene ya nyama: kiwavi wa kipepeo au nondo hana zaidi ya jozi tano, na kuna pengo bayana kabla hazijaanza. Ukihesabu sita au zaidi, huyo ni mtoto wa nyigu asiyeng'ata, yule asiye na kiuno chembamba. Tofauti hii ina maana kubwa kwa sababu dawa ya bakteria Bt, ambayo ni nzuri sana kwa viwavi wadogo, haimfanyi lolote huyu wa pili. Nimewahi kumaliza chupa nzima nikishangaa kwa nini wananenepa.

Yeye tiba yake ni vidole, maji ya nguvu chini ya majani, au sabuni ileile ya vidukari. Wakiwa wadogo hufa upesi.

Matundu makubwa na petali zilizotafunwa hovyo

Dundu. Wapo wa aina nyingi, na njia ya kuwapunguza ni moja: amka mapema. Asubuhi yenye baridi hawana nguvu ya kuruka, na wakishtuka hujiachia na kuanguka. Kinga chini yao chombo chenye maji ya sabuni, kisha gusa tawi.

Maarufu kuliko wote ni dundu wa Japani, wa kijani kinachometameta na mabawa ya rangi ya shaba, mwenye vishungi vidogo vyeupe ubavuni. Aligunduliwa New Jersey, Marekani, mwaka 1916, na hadi leo ni balaa kwa wapenda mawaridi wa huko. Ipo mitego ya harufu inayouzwa kwa ajili yake. Huwavuta kweli, ila huwavuta wengi kuliko inaowanasa, na waliobaki hutua kwenye mwaridi wako. Kama lazima uwe na mtego, utundike mbali kabisa na bustani.

Mikato ya nusu duara, safi, ukingoni mwa jani

Nyuki mkata-majani. Hali jani, analipeleka kutandika vyumba vya watoto wake. Muache. Mwaridi hautapungukiwa, na dawa utakayopiga kwenye jani haitamzuia kwa kuwa jani halimezi.

Magamba meupe au pamba kwenye shina

Kwaruza kwa ukucha. Kikibanduka kama kigamba, ni mdudu gamba. Kikipondeka na kutoa maji, ni kidung'ata, yule mdudu laini anayejifunika pamba. Kikipanguka kama unga na chini yake jani ni zima, ni ubwiri unga, na huo ni ugonjwa wa ukungu. Magamba na pamba visugue kwa mswaki mkuukuu uliochovywa kwenye maji ya sabuni, matawi yaliyofunikwa kabisa yakate. Mafuta mepesi ya bustani hufanya kazi vizuri zaidi watoto wakiwa ndio wameanguliwa na bado wanatembea, kabla hawajajijengea gamba.

Inzi weupe, wanaoruka kama wingu ukitikisa mmea, tibu kama vidukari.

Ncha ya tawi imenyauka ghafla, majani mengine ni mazima

Kata chini kidogo ya palipokufa na utazame kiini. Kama kina mfereji, endelea kukata vipande vifupi kushuka chini hadi uone kiini cheupe kisicho na tundu. Huko ndani utakuta buu, au nyigu mdogo aliyejitafutia chumba tu. Kata juu kidogo ya jicho, pale chipukizi linapotokea, kwa mkasi mkali.

Mmea mzima ukinyauka ilhali udongo una maji, ushike shina uutikise. Ukiyumba kama jino bovu, chimba. Mabuu meupe yaliyojikunja kama herufi C, kichwa cha kahawia, yanakula mizizi. Yaokote kwa mkono. Kwa eneo kubwa, minyoo midogo ya jamii ya Heterorhabditis huwasaka udongoni, mradi udongo uwe na unyevu na usiwe baridi.

Unapotafuta mdudu ambaye hayupo

Madoa meusi yenye kingo kama nyuzinyuzi na umanjano kuyazunguka ni ukungu. Majani ya chini yanayogeuka manjano kwa utaratibu bila doa mara nyingi ni maji mengi au mizizi iliyosongwa. Majani yaliyogeuka membamba kama ukanda na kujipinda baada ya mtu kupiga dawa ya magugu jirani, yanajieleza.

Moja ni la hatari na halina tiba: Amerika Kaskazini kuna ugonjwa unaofanya tawi litoe machipukizi mekundu yaliyosongamana kama ufagio, yenye miiba laini mingi kupita kiasi. Ni virusi, vinavyoenezwa na utitiri mdogo mno anayebebwa na upepo. Ng'oa mmea wote na mizizi yake.

Na kama kila asubuhi kuna tundu jipya, mchana hakuna mtu, rudi saa tatu usiku na tochi. Ute unaong'aa ni wa konokono. Dundu wa usiku utawakuta juu ya matumba, wamezama hadi kiunoni. Chombo cha maji ya sabuni kiwe tayari mkono wa kushoto kabla hujawasha tochi, maana akimulikwa tu hujiachia.